Siku yangu moja: wakili wa kampuni, Upper Hill, na thumuni ya Mama

Saa kumi na moja alfajiri. Niko macho kabla alamu ilie, huku South C adhana ya alfajiri inakufikia kitandani. Nikaswali, nikaweka chai ya tangawizi jikoni, halafu nikafungua mkataba tena, kurasa 64. Jana nimeusoma hadi saa tano usiku lakini leo ndo siku ya kusaini na mi sisainishi mtu kitu ambacho sijakisoma asubuhi na akili safi.

Mteja wangu ni mama wa miaka sabini na kitu, mzaliwa wa Majengo, Pumwani. Marehemu mumewe alianza na lori moja bovu, alipofariki kampuni ilikuwa na malori 19 na yeye marehemu alikuwa na hisa asilimia 80, zingine 20 ziko kwa kijana wake mkubwa. Sheria ya urithi ya Kenya imetuachia sisi Waislamu tugawane kwa sharia, na mke mwenye watoto fungu lake ni thumuni, yaani sehemu moja ya nane, kwa hivyo thumuni ya ile 80 ikampa Mama asilimia 10 ya kampuni nzima. Sasa kuna mwekezaji ananunua asilimia 30 kutoka kwa vijana wake, na wenye hisa wote lazima wasaini mkataba mpya, hata Mama ambaye hauzi chochote. Vijana walidhani ataweka dole gumba aende nyumbani. Binti yake wa mwisho ndo alinipigia akaniambia, dada, Mama anataka kuelewa.

Saa moja na robo niko kwa foleni pale raundi ya Bunyala. Hakuna la kusimulia hapo.

Saa mbili. Ofisini, nimevua viatu, nimefungua imeili. Mawakili wa upande wa pili wametuma "marekebisho madogo" saa sita kasoro usiku. Nikaweka nakala mbili pamoja, ya jana na ya leo, nikawa naziteremsha mstari kwa mstari, na ukurasa wa 31 nikalipata. Pale tulipokuwa tumeandika kwamba kampuni haitatoa hisa mpya, haitakopa, wala haitauza yadi ya malori bila *idhini* ya Mama, sasa imeandikwa *baada ya kushauriana* na Mama. Neno moja tu limebadilishwa!

Wacha nieleze venye hili neno ni zito, juu watu wengi hawalioni. Chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015, maamuzi makubwa kabisa yanapita kwa azimio maalum, yaani kura zisizopungua asilimia 75. Kuzuia azimio kama hilo lazima uwe na zaidi ya 25. Mama ana 10. Kwa kura hawezi kuzuia kitu chochote, vijana na mwekezaji wakikubaliana anabaki kuangalia, wakitoa hisa mpya na yeye hana pesa ya kununua ile 10 inakuwa 5, inakuwa 2, na hakuna sheria imevunjwa. Kinga yake yote ni lile neno. Kushauriana ni kupigiwa simu, ukasikilizwa, halafu wakafanya walivyotaka.

Saa nne, simu na wale mawakili. Nikaambiwa ati asilimia 10 haiwezi kushika kampuni mateka. Nikawajibu huyu si mgeni aliyenunua hisa jana, yeye ndo alikuwa anapika ndizi usiku anauza asubuhi ili lori la kwanza lipate tairi. Tulivutana karibu saa nzima. Kukopa ndo kulileta shida zaidi, manake Mama hataki riba kabisa na mwekezaji anataka kuongeza malori. Nikawapa njia: murabaha. Benki inanunua lori, inaiuzia kampuni kwa bei iliyo wazi pamoja na faida yake, kampuni inalipa kwa awamu. Benki za Kiislamu ziko hapa tangu 2008, si kitu cha kubuni. Wakakubali. Idhini ikarudi.

Saa saba kasorobo, adhuhuri. Tuna chumba kidogo cha kuswalia karibu na stoo ya mafaili. Nilipoanza kazi hii niliwahi kuulizwa kwenye intavyuu, na ofisi ambayo siitaji, kama naweza kuvua hijabu siku za kukutana na wateja. Nikasema hapana, sikupigiwa tena. Nilikuwa nimemuona Abida Ali-Aroni akiongoza tume ya marekebisho ya katiba mwaka 2004, mwanamke Muislamu na mawakili wakubwa wanamsikiliza, kwa hivyo nilijua inawezekana. Leo hapa mimi ndo Muislamu wa kwanza wa kike kuwa mmoja wa wenye ofisi, na kwa ule mkeka tulikuwa watatu, mimi na wasichana wawili wanaojifunza uwakili. Hilo linanipa furaha ambayo siwezi kuificha.

Saa nane Mama akafika, buibui limenyooka, binti yake amemshika mkono. Shikamoo, marahaba mwanangu. Nikamsomea mkataba wote kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, masaa mawili. Alinisimamisha mara nyingi. "Yadi ni ile ya Industrial Area?" Ndio Mama. "Na nikifa, hii sauti inakwenda kwa nani?" Swali hilo hakuna wakili yeyote alikuwa ameuliza, mimi pia. Nikapiga simu, tukaongeza mstari kwamba haki hiyo inafuata hisa kwa warithi wake.

Saa kumi na nusu, baada ya alasiri, wote mezani. Vijana wakasogeza wino wa dole gumba. Mama akausukuma pembeni, akaomba kalamu, akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu kama alivyofunzwa chuoni, yaani madrasa, kutoka kulia, taratibu, nzuri mno. Wakili wa upande wa pili akauliza kama inakubalika. Nikamwambia sheria inataka mtu aandike jina lake au aweke alama yake, haijasema kwa herufi gani. Kijana mkubwa aliinamisha kichwa, nadhani hakuwahi kujua mamake anaandika.

Magharibi nikaswalia ofisini, nikaacha maagizo asubuhi Mama aandikishwe kwa rejista ya wamiliki halisi, yaani watu ambao kampuni ni yao kwa kweli, juu asilimia 10 inamfikisha hapo.

Saa tatu usiku simu, ni yeye. "Mwanangu, lile neno liko ukurasa wa ngapi?"

Thelathini na moja, Mama.

Nikamsikia akimwambia binti yake, kunja hapo.