Yaya wetu, usiku wa Mugunga

Mwaka jana simu ya kifo cha Yaya ilinikuta Dar es Salaam kikazi. Mwenzangu mmoja wa ofisini, mtu wa Tanga, aliniona nimeinamia meza akauliza kulikoni. Nikamwambia, "Yaya wetu amefariki." Akanipa pole ya moyo, akanyamaza kidogo kama inavyopasa, kisha akauliza: "Alikaa nanyi muda mrefu? Mlikuwa mkimlipa vizuri?"

Sikumwelewa mara moja. Kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Dada yako mkubwa humwiti jina, unamwita yaya, na ukithubutu kumwita jina utaulizwa adabu umeiacha wapi. Kwa wenzetu wa pwani, yaya ni mtu wa kuajiriwa, analea watoto wa wengine kwa mshahara. Nilipomfafanulia, mwenzangu aliomba radhi hata nikamhurumia, tukaishia kucheka wote wawili. Lakini usiku, kwenye chumba cha wageni, swali lake lilinirudia likakataa kuondoka. Hapana, hatukumlipa.

Mama alianguka mwaka 2013, uani, mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, ukiwa bado mkononi. Ilikuwa kiharusi. Upande wa kulia ulipooza wote na maneno yakamwisha. Kilichobaki ni mkono wa kushoto, na kwa mkono huo alikuwa akigonga ubao wa kitanda: mara moja ni maji, mara mbili ni Yaya. Sisi wengine watatu hatukupewa hesabu yetu.

Yaya alikuwa akiuza sambaza, visamaki vya ziwani, sokoni. Akaacha. Akaanza kuuza makala, yaani makaa, kwa kadogo hapo hapo mlangoni, ili akigongewa asikie. Kwenye vikao vya familia tulimwita malaika. Najikumbuka nikilitamka neno hilo kwa sauti nzito, huku naiba jicho kutazama saa. Kumsifu mtu ni rahisi kuliko kumpokea zamu.

Msije mkadhani alikuwa mpole, lakini. Alikuwa na mdomo. Aligombana na mke wangu miaka miwili kwa ajili ya chumvi, na nyumba ya jirani aliweza kuingia bila hodi akisikia harufu ya maharagi yanaungua, akaepua sufuria, akaondoka huku anasonya. Ila sufuria yake mwenyewe haikuwa na mfuniko kwa mtu yeyote. Pale Majengo, avenu yetu nzima ilimwita Yaya, hata wazee waliomzidi umri. Bidoni lake la maji lilikaa nje ya mlango, na anayejua Goma anajua maana yake: mji uko ukingoni mwa ziwa Kivu, na bado maji yanatafutwa kama dawa.

Jumamosi ile ya tarehe 22 Mei 2021, mbingu ilipogeuka nyekundu upande wa Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, na umeme ukakatika, avenu ilimwagika barabarani. Wengine walikimbilia mpaka wa Gisenyi, upande wa Rwanda, wengine njia ya Sake. Kila aliyepita mbele ya mlango wetu alimwachia Yaya funguo. Hakuna aliyemuuliza yeye anaenda wapi. Walijua. Aliketi kizingitini na Mama ndani, akisikiliza, na alfajiri habari ikafika kwamba uji wa moto wa volkano umesimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Funguo saba zilikuwa shingoni mwake kwenye kamba ya kiatu. Mimi nilikuwa nimelala Gisenyi na watoto wangu.

Siku zilizofuata ardhi haikutulia. Mtetemeko juu ya mtetemeko, kuta zikapasuka, watu wakawa wanalala nje. Halafu Alhamisi ya tarehe 27, kabla hakujapambazuka vizuri, gavana wa kijeshi akatangaza kwamba uji wa moto uko chini ya mji na umefika hadi chini ya ziwa, hivyo kata kumi zihame, Majengo ikiwemo. Neno lile la "chini ya ziwa" ndilo lililoumaliza mji. Kivu lina gesi nyingi ndani yake, na hata mtoto wa shule wa Goma ameshaambiwa siku ziwa likilipuka itakuwaje. Niliwapandisha mke na watoto boti ya Bukavu pamoja na wakwe zangu, nikapanda moto, yaani pikipiki, hadi Majengo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikasema: safari hii Mama ni wangu na Yaya.

Nilimkuta tayari amefunga. Godoro la sponji lililokunjwa, beseni, vitenge chakavu alivyovikata kuwa nepi, thermosi, unga wa masoso wa kupikia uji, kiberiti na buji mbili, maana mshumaa kwetu ni buji. Hapakuwa na gari. Magari yaliyokuwepo yalikuwa yamejaa hadi juu ya paa, na bei haikuwa ya kutajwa mbele ya mgonjwa.

Akaja kijana mmoja wa avenu ya pili, mwenye chukudu. Ambaye hajaiona chukudu aifikirie pikipiki ya mbao isiyo na injini: ubao mrefu wa mkaratusi, magurudumu mawili ya mbao yaliyovikwa mpira, na usukani. Kwenye mteremko unaipanda, kwenye mlima unaisukuma, na inabeba magunia ambayo punda angeyakataa. Siku ile wenye chukudu walikuwa wafalme. Kijana huyu alikuwa ameshalipwa na mtu wa magunia. Akayashusha magunia kando ya barabara, akarudisha pesa, mwenye mali akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Nilipomshukuru alinishangaa. Kumbe aliwahi kuugua malaria hadi kupoteza fahamu, mama yake yuko Rutshuru kwa biashara, na Yaya alikuwa akivuka barabara kila usiku kumkanda, akimwacha Mama na mtoto wa jirani. Sikuwahi kusikia habari hiyo. Hakuwa mtu wa kusimulia mema yake. Malalamiko yake, hayo ndiyo alisimulia, tena kwa urefu.

Tulimlaza Mama juu ya godoro, tukamfunga kwa vitenge vitatu, na Yaya akatembea ubavuni ameshika mkono wa kushoto. Njia ya Sake ni kama kilomita 27, na siku ile ilikuwa kichwa kwa kichwa: mbuzi, magodoro, wanafunzi na sare zao, mzee mmoja amebeba picha ya harusi yake bila kitu kingine. Kila baada ya saa mbili Yaya alisimamisha chukudu. Mgonjwa wa kulala asipogeuzwa, ngozi inaoza. Kwa miaka nane Mama hakupata kidonda hata kimoja, na Yaya hakukusudia apate cha kwanza njiani. Tukasimama Ndosho. Tukasimama tena mbele. Watu walitupita, na mimi nilikuwa nikihesabu dakika kwa hasira ambayo nilikuwa naiita hofu. Mara ya tatu nikasema, "Yaya, tuko tunachelewa." Akanijibu huku anafuta mgongo wa Mama, "Weye tangulia. Tutakukuta."

Nikashika kitenge upande wa pili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumgeuza mama yangu mzazi. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na nilikosa mahali pa kuweka mikono.

Giza lilitukuta Mugunga. Kijana wa chukudu alikuwa amechoka, gurudumu la mbele limeanza kulia, tukakubaliana tulale. Ni mimi niliyepata mahali. Kando ya barabara, nyuma ya mawe meusi ya volkano ya zamani, palikuwa na kibonde kilichoota majani mororo. Baridi ya usiku ilikuwa imeanza, na mle ndani upepo haukuwa ukifika. Familia kama kumi zilikuwa zimeshatandika kwenye kingo zake, watoto wamelazwa karibu na chini, na pale chini kabisa mwanaume mmoja alikuwa ameegesha mizigo na kuku wake wawili ndani ya kitunga. Nilirudi kwa Yaya kwa furaha, kama mtu aliyepata chumba cha hoteli.

Alisimama ukingoni akatazama. Hakutelemka.

"Leta buji."

Wageni wa Goma huwa hawaamini habari ya mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, haina rangi, na pua haikuonyi. Ni nzito kuliko hewa, hivyo inajikusanya mahali palipobonyea kama maji yanavyojikusanya, hasa usiku na asubuhi mapema, wakati hakuna jua wala upepo wa kuitawanya. Mtu mzima anayepita wima anaweza kupita salama. Mbuzi akiinama kula hapo, anaanguka. Mtoto akilazwa hapo, haamki. Upande ule wa magharibi mwa mji, kuelekea Sake, mazuku yanajulikana tangu enzi za babu zetu, na mimi nilikua nikiyasikia. Nilikuwa nimesahau kwa sababu nilitazama kibonde kile kwa macho ya mtu anayesimama. Yaya, kwa miaka nane, alikuwa akiitazama dunia kutoka kimo cha godoro.

Alifunga buji kwenye kijiti, akaiwasha, akakishusha taratibu hadi chini palipokuwa na mizigo. Ikawaka. Akaishusha zaidi, usawa wa kifundo cha mguu. Ikazimika. Akaiwasha tena, akashusha. Ikazimika pale pale, kama mtu amechovya moto ndani ya maji.

"Ni upepo, mama," akasema yule mwenye kuku.

"Upepo wapi? Si mumekuja huku kwa kuwa hakuna upepo?"

Mwanamke mmoja akasema kichwa kinamuuma tangu alipokaa. Wengine wakasema ni uchovu, sisi sote vichwa vinatuuma. Yaya hakubishana tena. Alianza kunyanyua watoto. Hakuuliza ni wa nani. Alimbeba wa kwanza hadi barabarani akamlaza juu ya mguu wa Mama, akarudi kwa wa pili. Mama mzazi akainuka kwa ukali kumnyang'anya mwanawe, na kwa kuwa alikuwa ameshasimama na mtoto mkononi, akajikuta anapanda naye. Hivyo hivyo wakahama, wanalalamika, wanavuta mikeka, wengine wanatutukana. Mimi nilibeba watoto wawili wakubwa waliolala kama magogo. Kijana wa chukudu akabeba bibi. Wa mwisho kutoka alikuwa mwenye kuku, na alitoka kwa sababu tu alibaki peke yake gizani.

Tulilala juu ya mawe makali, penye upepo. Sijawahi kulala vibaya vile. Usiku Mama aligonga mara mbili, na mara mbili, na kila mara nilisikia Yaya akinyanyuka kabla pigo la pili halijaisha.

Asubuhi, jua lilipopanda, yule mwanaume alikwenda kuchukua mizigo yake. Alirudi na kitunga. Kuku wote wawili walikuwa wamelala, shingo zimelegea, hawana hata alama. Watu wakakizunguka kitunga bila kusema. Mwanamke wa jana, yule mwenye kichwa, akaketi chini barabarani akampakata mwanawe. Mwanaume akamtazama Yaya kwa uchungu wa kweli.

"Mbona haukuniambia na kuku?"

Yaya alicheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na funguo saba zikalia shingoni mwake, na wengine wakaambukizwa, hata mwenye kuku mwenyewe mwishoni. Halafu akafungua kifuko cha masoso, akapika uji kwa sufuria ya kuazima, na watoto wale wote wakanywa. Nilipomnong'oneza kwamba ule unga ni wa Mama, na Sake hatujui tutakuta nini, alinijibu kwamba Mama anakunywa kikombe kimoja, na kikombe kimoja ameshakiweka.

Sake tuliingia mchana. Shule zimejaa, makanisa yamejaa, watu wako chini ya miti. Tulipata kona ya veranda kwenye nyumba ya watu tusiowajua. Yaya alimwosha Mama, akamgeuza, akamlisha, akaniita.

"Saa mbili. Ukiona kivuli cha nguzo ile kimefika kwenye jiwe, mugeuze upande wa ukuta. Mutoto mumoja ashike kichwa."

Akajilaza kwenye saruji, mkono chini ya shavu, na kabla sijamuuliza jiwe lipi, alikuwa ameshalala. Sikuwahi kumwona Yaya amelala mchana. Nilijikuta namtazama nyayo: zilikuwa zimepasuka, na kwenye mpasuko wa kushoto kulikuwa na damu iliyokauka.

Kivuli kikafika. Nikamgeuza Mama na mtoto wa wenyeji akashika kichwa. Nilimgeuza vibaya, mkono mbovu ukabaki chini ya mwili, nikauchomoa taratibu, nikaweka kitenge kama nilivyoona kinawekwa. Alinitazama muda wote. Kisha akainua mkono wa kushoto, akagonga beseni mara mbili.

"Amelala, Mama," nikamwambia. "Niko hapa."

Akamtafuta kwa macho, akamwona pale kwenye saruji. Akaushusha mkono, akagonga mara moja. Nikaenda kutafuta maji.