Bunduki ya upepo ya babu: kuiondolea mlio wa springi

Kila niliyemwambia kwamba naifungua HW35 ya marehemu babu ameniuliza swali lile lile: sasa itapiga kwa nguvu zaidi? Haitapiga kwa nguvu zaidi. Huenda ikapungua kidogo, na mimi sina shida na hilo. Ninachotaka ni bunduki itulie. Kwa sasa ukifyatua unasikia "tap!" ya pistoni, halafu unafuata mvumo mrefu, ngiiing, unaopita kwenye kitako hadi kwenye shavu. Peleti, yaani kirisasi chake, imeshafika kwenye ubao zamani, bunduki bado inaongea.

Kwa asiyeijua, HW35 ni ya Weihrauch wa Ujerumani, kampuni iliyoanza 1899, na aina hii ilianza kutengenezwa miaka ya 1950. Ni ya kuvunja mtutu. Kuna komeo dogo pembeni ya mtutu, unalisukuma, mtutu unafunguka, unaushusha hadi usikie jino limeshika. Ya babu ni ya peleti za milimita 5.5. Karatasi zake zipo na zimeshahamia jina langu. Bunduki ya upepo nayo ni bunduki, kwa hiyo kama unayo yako hapa Uganda, malizana na polisi kwanza. Mimi kwa fundi nilipeleka springi na vipande vyake tu. Bunduki yenyewe haikutoka nyumbani.

Kabla ya kufungua

Ndani hamna gesi wala betri. Ukivunja mtutu, pistoni inarudi nyuma na kuibana springi mpaka jino la triga liishike. Ukifyatua, springi inaitupa pistoni mbele, hewa iliyo ndani ya silinda inabanwa ghafla, inapita kwenye tundu dogo na kuisukuma peleti. Ni pampu ya baiskeli iliyopigwa teke moja. Pistoni inapoondoka, bunduki inakupiga begani. Pistoni inapofika mwisho wa silinda, bunduki inaruka mbele. Mtikisiko huo unaanza peleti ikiwa bado mtutuni, na ndiyo maana bunduki za aina hii humsumbua hata mtu aliyezoea kulenga vizuri.

Hapa Jinja tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo pistoni inapata mto mwembamba zaidi wa hewa kabla ya kugota. Hii pia ndiyo sababu sitaki kusikia habari za springi ngumu zaidi. Itagonga tu.

Nilianza na yale yasiyogharimu kitu. Skrubu zinazoshika kitako zilikuwa zimelegea, nikazikaza. Hilo peke yake lilibana kundi la matundu kwenye karatasi. Kisha nikajaribu sili ya nyuma ya mtutu, ile inayozuia hewa isivuje, kwa kuweka kipande cha tishu juu ya maungio na kufyatua, peleti ikiwa ndani. Tishu haikutikisika, maana yake hewa haivuji hapo. Peleti lazima iwemo. Ukifyatua mtutu ukiwa mtupu, hakuna kinachoizuia hewa, na pistoni inagota kwa nguvu mwisho wa silinda.

Kupima mwendo nilitumia simu. Kifaa maalumu cha kupimia bei yake inafukuza, lakini kinasa sauti kila mtu anacho. Unaweka simu karibu na mdomo wa mtutu, unaning'iniza bati mita 20 mbele, na nyuma ya bati unapanga magunia ya mchanga. Unafyatua. Kwenye programu ya kuhariri sauti utaona vilele viwili: mlio wa bunduki na mlio wa bati. Kati yake kuna muda wa peleti kwenda, pamoja na muda wa sauti kurudi. Sauti kwenye joto la nyuzi 25 husafiri karibu mita 346 kwa sekunde, kwa hiyo mita 20 inazirudi kwa sekunde 0.058. Toa hizo, kinachobaki ni cha peleti. Yangu ilitoa sekunde 0.190, ukitoa 0.058 inabaki 0.132, yaani wastani wa mita 151 kwa sekunde kwa masafa hayo. Si mwendo wa mdomoni, lakini kwa kulinganisha kabla na baada unatosha kabisa.

Karatasini, kwa mita hizo hizo 20, nikiwa nimekaa na kutumia vilengeo vya chuma vilivyokuja nayo, kundi lilikuwa milimita 45 hivi kutoka tundu la mbali hadi la mbali.

Kufungua

Springi ya bunduki hizi imebanwa hata kama hujakoki. Kifuniko cha nyuma cha HW35 ni cha kufungua kwa hesi, na hesi zikiisha, springi bado inasukuma. Mtu anayekifungua akiwa ameielekeza tumboni anatafuta hospitali. Nilikwenda kwa seremala jirani nikaazima klempu ndefu, ile ya kubania milango. Hatua za mwisho nilizifanya bunduki ikiwa imelala ndani ya klempu, nikilegeza robo kwa robo, nami nimekaa pembeni.

Kabla ya hapo inatoka triga. Imeshikwa na pini mbili zinazosukumwa kwa ncha butu. Angalizo kwa mwenye HW: kitufe cha usalama kina springi ndogo nyuma yake, na triga ikitoka, kitufe hakina tena cha kukizuia. Funika kwa kidole gumba, au fanyia kazi ndani ya beseni. Kanaruka hako kaspringi, na kwenye sakafu ya saruji hukaoni tena.

Pistoni ilipotoka nikaisogeza dirishani. Sehemu ya chini, nyuma, ilikuwa inang'aa kama imepigwa polishi, na kwingine kote ilikuwa na rangi ya kijivu iliyofifia. Mkono wa kukokia, ule unaounganisha mtutu na pistoni, unaisukuma kutoka chini, pistoni inainama kidogo na kusugua silinda pale pale miaka yote. Ngozi ya mbele ya pistoni, ambayo ndiyo sili yake, ilikuwa nzima, imekauka tu. Nikailoweka kwenye mafuta usiku mzima, asubuhi nikaifuta na kuiacha ijichuje. Sikuibadilisha.

Springi niliiviringisha juu ya kioo cha dirisha. Haikuyumba, kwa hiyo haijapinda. Tatizo likaonekana nilipoichomeka kwenye mhimili wake, lile gongo la chuma linaloishika kwa ndani: ilicheza huku na huku. Vernia ikasema tundu la springi ni milimita 13.4 na mhimili 12.6. Mwanya wa 0.8. Hapo ndipo ngiiing inapotokea. Springi ikiachiwa ghafla inakosa cha kuishika, inajipigapiga kwenye chuma.

Kwa fundi wa kukereza

Nyuma ya stendi kuna mzee mwenye mashine ya kukerezea, kazi zake nyingi ni bushi za mashine za kusaga posho. Ana fimbo za nailoni za kila unene. Nilimwekea springi na mhimili mezani.

"Hii ya pikipiki gani, mwanangu?"

"Si pikipiki, mzee. Ni ya bunduki ya upepo."

Akaigeuza geuza, akaipima kwa vernia yake mwenyewe, maana ya kwangu hakuiamini. "Unataka iingie vipi?"

"Iingie kwa kusukumwa na mkono. Isiteleze yenyewe."

"Basi siwezi kukupa 13.4," akasema. "Nailoni inakunywa maji. Hapa ziwani ikikaa msimu wa mvua inavimba, springi itang'ang'ania. Chukua 13.3."

Nilimwachia afanye anavyojua. Mtu ambaye bushi zake zinazunguka kutwa nzima kwenye vumbi la mahindi hana haja ya kufundishwa nailoni na mimi. Alinikerezea mhimili mpya wenye ukingo mpana upande wa nyuma, na kofia ndogo ya kukaa mbele ya springi, ndani ya pistoni. Pia akanikatia wosha mbili nyembamba za chuma, nikazisugua kwa msasa laini mpaka zikawa na uso wa kioo. Kazi ya wosha hizo ni hii: springi ikibanwa hujizungusha kidogo, na ncha yake ikikuta chuma kikavu inakwaruza na kukwama kisha inaachia ghafla. Ikikuta uso laini inateleza.

Kusugua na kupaka

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapana haraka. Ufa wa chini ya silinda, ule unaopitisha mkono wa kukokia, una kingo kali zilizoachwa na mashine tangu kiwandani. Pitisha kipande cha pamba, kitanasa. Kingo hizo ndizo huichana sili pistoni inapoingizwa. Nilizipiga kwa tupa ndogo, kisha msasa namba 400, kisha 800, mpaka pamba ikapita bila kuacha uzi. Ncha mbili za springi nazo nilizisawazisha na kuziondolea ukali. Ndani ya silinda kwenyewe, pale pistoni inapobana hewa, sikugusa kwa msasa. Pale panataka kitambaa kikavu tu. Ukishamaliza, osha kila kitu kwa petroli, nje, mbali na jiko. Chembe moja ya msasa ikibaki humo itaendelea kusaga hata usipotaka.

Kuhusu grisi, watu hupaka kama wanapaka mkate siagi, na hapo ndipo wanapoharibu. Hewa ndani ya silinda ikibanwa ghafla inapata joto kali sana. Ikikuta mafuta ya petroli mbele ya pistoni, yanawaka, kama injini ya dizeli. Unasikia mlipuko, moshi unatoka mtutuni, peleti inaenda inakotaka, na sili inaungua. Kwa hiyo mbele ya pistoni sikupaka kitu. Ngozi ina mafuta yake, yanatosha.

Kwenye mwili wa pistoni na kwenye kiatu cha mkono wa kukokia nilitumia ile grisi nyeusi ya jointi za ekseli, inayouzwa kwenye maduka ya spea. Ina molibdenamu, inabaki kwenye chuma hata ukiifuta. Niliisugua kwa kidole mpaka ikabaki rangi tu, bila unene.

Springi ilitaka kitu kingine: grisi nzito inayonata kama lami, ile ya gia kubwa za wazi. Dukani nilikosa kipimo kidogo, wote wanauza ndoo. Shemeji yangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha sukari, akaniletea kidogo kwenye kasha la dawa ya viatu. "Hii tunapaka kwenye gia zinazozungusha vinu," akaniambia, "wewe unaipaka bunduki?" Niliipaka springi kwa kijiti, utando mwembamba upande wa nje. Ukizidisha, springi inakuwa nzito na mwendo unaanguka.

Kurudisha

Kurudisha ni kufungua kinyumenyume, ila mambo mawili. Pistoni iingie ikiwa imezungushiwa kitambaa chembamba mpaka ngozi ipite ule ufa. Na triga ya Rekord, ndiyo iliyo kwenye bunduki hii, lazima iwe imekokiwa kabla hujairudisha, la sivyo pini haziingii na utadhani umekosea kitu kingine. Mhimili mpya uliingia kwenye springi kwa kusukumwa na kiganja, kama nilivyomwomba mzee.

Risasi za mwanzo

Zile za kwanza kabisa zilitoa moshi kidogo na harufu ya ngozi. Hizo sikuzihesabu wala kuzipima. Moshi ulipokata nikasikiliza. "Tap." Basi. Mvumo umekwisha. Hata kukoki kumebadilika: zamani ulisikia springi ikikwaruza njiani, sasa mtutu unashuka kimya mpaka jino linaposhika. Mke wangu, ambaye kelele hizo zilikuwa zinamwamsha mtoto, ndiye aliyetambua kwanza. "Leo hupigi?" akaniuliza toka ndani. Nilikuwa napiga.

Simu ikatoa sekunde 0.194. Toa 0.058, inabaki 0.136, yaani mita 147 kwa sekunde. Mwendo umepungua kwa mita nne hivi, na nguvu ya peleti ya gramu 0.9 ni karibu jouli 10 tu. Ni kwa sababu ya grisi nzito na mhimili unaobana. Lakini kundi la matundu limeshuka hadi milimita 24, upana wa sarafu ya shilingi 500.

Sehemu ya kushuka huko kwa kundi ni mkono wangu pia, maana sasa nimeacha kuikaba. Mbele naikalisha kwenye kiganja kilicho wazi, begani naigusisha tu, naiacha iruke inavyopenda. Zamani mvumo ulinifanya niibane bila kujijua, na kila nilipoibana kwa namna tofauti ilipiga mahali tofauti.

Wakati wa kuweka peleti, shika mtutu kwa mkono mwingine. Jino la triga likiachia, mtutu unafunga na vidole vimo. Na peleti ni za madini ya risasi, nawa mikono kabla ya kushika chakula.

Kilichobaki ni triga. Ina skrubu ya kurekebisha uzito, na ya babu ni nzito mno, lakini sitaigusa mpaka nihakikishe jino linashika bila shaka: nikoki bila kuweka peleti, niendelee kuushika mtutu, niugonge kitako chini kwa mpira, nione kama itabaki imekaa. Pia nataka kujaribu peleti za uzito mwingine, kwa kuwa hizi ninazotumia ndizo pekee zilizokuwepo dukani. Na seremala anadai klempu yake.