Kilianguka Wapi?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu la juma hili linatoka katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 6, mstari wa 1 hadi wa 7. Nimelisoma mara nyingi tangu utoto, lakini juma lililopita nililisoma nikiwa nimetoka kupiga magoti saa nzima kwenye sakafu ya karakana yangu ya nyumbani, nikitafuta kipini cha chuma kisichofika nusu ya ukucha, na nikaona kwamba kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeliruka swali moja lililomo ndani yake.

Wana wa manabii, yaani wanafunzi wa manabii, walikuwa wamekwenda Yordani kukata boriti za kujengea makao mapya, kwa sababu mahali walipokaa pamoja na nabii Elisha palikuwa padogo mno kwao. Mmoja wao alipokuwa akikata, chuma cha shoka kikachomoka katika mpini na kuanguka majini. Akalia kwa uchungu, akamwambia Elisha kwamba shoka lile lilikuwa la kuazima. Sote tunakumbuka mwisho wake, yaani kijiti kilichotupwa majini na chuma kilichoelea, kwa kuwa muujiza huo ndio unaohubiriwa. Lakini kabla ya kijiti na kabla ya chuma kuelea, mtu wa Mungu aliuliza swali la fundi: "Kilianguka wapi?" Naye yule kijana akamwonyesha mahali.

Naomba mnivumilie nieleze kilichonipata, kwa kuwa sitaweza kulieleza swali hilo vizuri bila kukitaja.

Nilikuwa nimeifungua bunduki yangu ya kuwindia ili niisafishe. Risasi zote zilikuwa zimeondolewa na kufungiwa katika chumba kingine, na chemba, yaani mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, nilikuwa nimeikagua kwa macho na kisha kwa kidole, kama inavyopasa kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Katika bunduki yangu, kama zilivyo nyingi, nyuma ya kifungio cha usalama kuna springi ndogo inayosukuma kipini, na kipini hicho ndicho kinachokaa katika kijishimo na kukifanya kifungio kibaki pale kilipowekwa. Ni kitu kidogo sana, ambacho mtu angeweza kukikanyaga siku nzima asijue. Lakini kikikosekana, kifungio hakina kinachokishika. Tawi la mti au upindo wa koti ukikigusa tu, kinatoka katika usalama na kwenda katika kufyatua bila mwenye bunduki kukusudia wala kusikia.

Nilipokiondoa kifungio, nilikuwa nimeziba tundu kwa kidole gumba, kwa sababu springi iliyobanwa huruka ikipata nafasi. Kidole kiliteleza kidogo tu. Nikasikia mlio mwembamba ukutani, kisha mlio wa pili mahali nisipopajua, kisha kimya. Nikatazama tundu, nalo lilikuwa tupu: springi haikuwamo, wala kipini hakikuwamo.

Wale waliowahi kupoteza kitu cha namna hiyo wanajua jinsi moyo unavyofanya. Nilisimama mara moja, jambo ambalo ni kosa, kwa kuwa miguu inayotembea ndiyo inayosukuma vitu vidogo chini ya makabati na kuvibeba katika soli za viatu. Nikachukua ufagio nikafagia kwa haraka na kwa hasira, nikakusanya vumbi, vipande vya mbao na unga wa chuma, nikavitazama kijuujuu. Nikapitisha sumaku huku na huku. Mke wangu, aliyekuwa katika chumba cha pili, akaja akasimama mlangoni akaniuliza, "Ulikuwa umekaa wapi kilipokutoka?" Nami nikamjibu kwa ukali kwamba sijui, kwamba kimeruka, kwamba kinaweza kuwa popote.

Akaondoka bila kusema neno. Baadaye nilipoketi kupumzika ndipo swali lake lilipoanza kunisumbua, kwa sababu neno "popote" halikuwa kweli. Kitu hakianguki popote. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti fulani, nimeishika bunduki kwa namna fulani, na tundu lilikuwa limeelekea upande fulani. Nikarudi nikakaa kama nilivyokuwa, nikaweka mikono kama ilivyokuwa, nikafuata kwa macho mstari kutoka kwenye tundu hadi ukutani, na kutoka ukutani hadi kwenye rafu ya chini. Nikazima taa ya juu, nikalaza tochi sakafuni kabisa, mwanga ukienda sambamba na sakafu, kwa maana mwanga wa namna hiyo hukipa kila kitu kidogo kivuli kirefu kuliko chenyewe. Nikaigawa sakafu katika viraka kwa macho, nikakimaliza kimoja kabla ya kuingia kingine. Haikupita robo saa nikaiona springi, nyuma ya kopo la misumari kwenye rafu ile ile.

Yule mwanamke wa Luka 15 mwenye shilingi kumi anafanya vivyo hivyo, na Bwana wetu hakuliruka hata tendo moja: anawasha taa, anafagia nyumba, anatafuta kwa bidii hata aione. Tunalisoma haraka kama pambo la hadithi, lakini aliyewahi kutafuta kitu sakafuni anajua kwamba utaratibu ule ndio wenyewe. Taa inatangulia ufagio. Mimi nilianza na ufagio, na nadhani wengi wetu huanza na ufagio hata katika toba, tukisukuma mambo yetu yote pamoja kwa sala moja ya jumla, "Bwana, unisamehe makosa yangu yote," tusiwashe taa kuona ni kosa lipi na lilitendeka wapi. Siidharau sala hiyo. Lakini nimeisali miaka mingi kwa namna ile ile niliyomjibu mke wangu, nikisema "popote" ili nisiulizwe tena.

Springi ilipatikana, lakini kipini hakikupatikana. Nilitafuta usiku ule na usiku uliofuata, katika mikunjo ya suruali, mifukoni, katika viatu, katika vumbi nililokuwa nimelimwaga pipani na kulirudisha kwenye karatasi nyeupe. Na siku ya tatu nilifanya jambo ambalo ndilo sababu hasa ya kuandika haya. Tulikuwa tumepanga kwenda kuwinda, mimi na ndugu mmoja ambaye kwa kawaida hutembea mbele yangu. Nikachukua msumari, nikakata kipande kwa msumeno wa chuma, nikakipiga tupa hadi kikawa na unene na mviringo unaofanana na kile kilichopotea, nikakitia. Kifungio kikabofya vizuri. Nikakisukuma mbele na nyuma mara nyingi, na kila mara kikashika. Nikaifunga bunduki, nikaipangusa, nikaifungia kabatini, nikajiambia kwamba kazi imekwisha.

Msumari ni chuma laini. Kipini halisi hukomazwa kwa moto ili kisilike, na kipande changu kingelika kidogo kidogo kila kifungio kilipopita juu yake, hadi siku ambayo kisingeshika tena, nami nisingejua siku hiyo ni ipi. Nilifahamu hayo nilipokuwa nikipiga tupa. Usingizi haukuja usiku ule, na nilipofungua Maandiko sikufungua Wafalme bali Kumbukumbu la Torati 19, kwa kuwa nilikumbuka kwamba kuna shoka jingine.

Ni mstari wa 5. Mtu anaingia msituni pamoja na jirani yake kukata mti, mkono wake unalishusha shoka, chuma kinatoka katika mpini na kumpata jirani hata akafa. Torati inamruhusu mtu huyo kukimbilia mmoja wa miji ya makimbilio na kuishi, kwa sababu hakumchukia jirani yake wala hakukusudia. Ni jambo lile lile la Yordani: mti, shoka, chuma kinachochomoka. Mara moja kinaangukia majini na mtu analilia chombo cha watu, mara nyingine kinamwangukia jirani na mtu anakimbia kuokoa maisha yake. Mkataji wa mti hana uwezo wa kuchagua ni lipi kati ya hayo mawili litakalotokea, akishaanza kuinua shoka. Wakati wake wa kuchagua ulikuwa nyumbani, alipolitazama shoka kabla ya kutoka.

Na je, yule aliyejua? Kwa yeye aliyejua, sheria haina upole ule. Kutoka 21:29 inamtaja ng'ombe aliyezoea kupiga watu kwa pembe, ambaye mwenyewe ameonywa naye hakumzuia. Ng'ombe huyo akiua, mwenyewe naye anahesabiwa hatia ya kifo. Nilikaa gizani na mistari hiyo miwili. Kama kipini kingechakaa chenyewe bila mimi kujua, ningekuwa mtu wa Kumbukumbu 19. Lakini mimi nilishika tupa mkononi. Nilikwisha kuonywa, na aliyenionya ni mimi mwenyewe, na jirani yangu alikuwa amepangiwa kutembea mbele yangu.

Nikaamka, nikafungua kabati, nikaifungua bunduki tena na kukitoa kipande kile cha msumari. Asubuhi nikampelekea yule ndugu ujumbe kwamba siendi. Sikumwambia sababu. Hilo nalo nalikiri, kwa kuwa lilikuwa jibu jingine la namna ya "popote."

Kipini nilikipata Jumamosi. Nilikuwa nakusanya vitambaa vya kufutia grisi ili nivitupe, na kimoja kikachoma kidole changu. Kipini kilikuwa kimegandamana ndani ya mkunjo wa kitambaa, kimefunikwa na grisi nyeusi. Nilikaa chini kwenye kiti kile kile na ikanichukua muda kuelewa. Kipini hakikuwa kimeruka hata kidogo. Kidole gumba kilipoteleza, springi ndiyo iliyoruka. Kipini kilikuwa kimeshikwa na grisi kwenye kidole changu, nami nikakipangusa kwa kitambaa wakati ule ule nilipokuwa nikigeuka kufuata mlio. Juma zima nilikuwa nikisimulia kwamba kimeruka. Nilimwambia mke wangu, nikajiambia mwenyewe, na hata katika sala nilimwomba Mungu anisaidie kupata kile "kilichoruka." Nilitafuta kwa bidii na kwa utaratibu mzuri sana mahali ambapo hakikuwahi kuwapo, kwa sababu maelezo yangu ya jinsi kilivyopotea yalikuwa ya uongo, ijapokuwa sikukusudia kudanganya.

Hapo ndipo nilipolirudia swali la Elisha. Zamani nilidhani aliuliza kwa ajili yake mwenyewe, ili ajue pa kutupia kijiti. Sasa nadhani swali lilikuwa pia kwa ajili ya yule kijana, kwa kuwa kulijibu kulimlazimu kurudi kwa mawazo hadi kwenye pigo lile la mwisho, asimame tena pale alipokuwa amesimama, akumbuke kama alikuwa ameona chuma kikilegea kabla ya hapo. Maandiko hayasemi kama alikuwa ameona. Yanasema tu kwamba alionyesha mahali, na kwamba kijiti kilitupwa pale pale. Neema ya Mungu ingeweza kukiinua chuma kutoka sehemu yoyote ya Yordani, tena bila kuuliza. Lakini ilitaka kidole cha mtu kinyooshwe kwanza.

Mambo mengi tunayosema kwamba yametupata, wapendwa, tuliyapangusa kwa mikono yetu. Tunasema upendo umepoa nyumbani, kana kwamba ulitoka wenyewe mlangoni. Tunasema hamu ya sala imetutoka, tunasema urafiki umekufa. Vitenzi hivi vyote vinaruka vyenyewe, havina mtu ndani yake. Daudi anaomba katika Zaburi ya 19 atakaswe na mambo ya siri, yale asiyoweza kuyatambua mwenyewe, nami naamini kitambaa cha grisi ni mojawapo. Sisemi kwamba kila kipotevu ni kosa letu. Springi yangu iliruka kweli, na kuna hasara ambazo humjia mtu asiye na hatia. Lakini springi na kipini vilitoka katika tundu moja, kwa sekunde moja, na sikuweza kuvitofautisha hadi nilipokubali kuulizwa.

Nilikisafisha kipini, nikakirudisha pamoja na springi yake, nikazifunika kwa mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani nilipokuwa nikizibana, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Kisha Jumapili baada ya ibada nikamwendea yule ndugu, tukasimama pembeni, nikamweleza yote: springi, siku tatu za kutafuta, msumari, tupa, na usiku ule ambao bunduki ilikaa kabatini ikiwa imefungwa kwa uongo huku yeye akijiandaa kutembea mbele yangu. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakukasirika, wala hakuniambia kwamba si kitu. Aliuliza jambo moja tu: "Na hicho kipande cha msumari kiko wapi?"

Nilikuwa nacho mfukoni. Nikakitoa, nikamwekea mkononi.