Vidonge vya babu vya jioni

Babu alikuwa anapima kahawa kwenye chama cha msingi enzi zile KNCU, ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro, iko moto, kwa hiyo akili ilipoanza kupotea kila ikifika saa kumi na mbili jioni anatafuta kofia, anasema wakulima wamejaa nje na mzani hauna mtu. Ukimzuia mlangoni anapiga. Siku alipompiga shangazi ngumi ya bega ndo tukamtoa kijijini tukamleta Moshi, Rau, na hospitali moja ikampa haloperidol. Sie tuliita dawa ya kutuliza tu.

Mwanzoni nyumba ilipoa kweli, sidanganyi. Afu mzee akawa anakaa anasimama, anakaa anasimama, miguu inakanyaga palepale, ukimuuliza babu vipi anasema "mwili haunitaki". Ikaonekana ugonjwa umepanda, dozi ikaongezwa. Baadae akaanza kuganda, uso haucheki haununi, mate yanamtoka, hatua fupifupi, kikombe cha chai hakifiki mdomoni. Binamu akaleta benzhexol kutoka duka la dawa sababu kuna jirani yake anaitumia akikakamaa, usiku huo babu aliona watu ukutani mpaka asubuhi.

Alivyodondoka bafuni tukampeleka sehemu nyingine. Nilijua watahangaika na jeraha la paji, lakini daktari, binti mdogo tu, alimwamkia kwanza shikamoo babu, akashika mkono wake akakunja kiwiko taratibu akakikunjua, akaniambia shika na wewe. Unakwama unaachia, unakwama unaachia, kama mnyororo wa baiskeli wenye kutu. Akasema huu sio uzee, ni dawa. Na ile ya kukaa na kusimama inaletwa na dawa hiyohiyo, mtu anahangaika ndani kwa ndani hawezi kutulia, watu wakimwona hivyo wanamwongezea ileile inayomtesa. Na benzhexol inamvuruga kichwa zaidi mzee mwenye dimenshia, yaani huu ugonjwa wa akili kupotea.

Afu akauliza, choo mara ya mwisho lini? Tukaangaliana. Wakapima mkojo, una maambukizi. Yaani huenda ule ukali wa karibuni yalikuwa maumivu na mzee hana maneno ya kuyasema.

Shangazi akauliza, "Dokta, angekufa?" Hakuzungukazunguka. Akasema Marekani walitoa onyo kali 2005 kwa dawa mpya za kundi la hii ya kutuliza, 2008 wakaingiza na za zamani kama haloperidol, kwamba wazee wenye dimenshia wakizitumia vifo vinaongezeka, ila kuna wakati mgonjwa anaumiza watu mpaka inabidi, basi inakuwa dozi ndogo, muda mfupi, na mnarudi aangaliwe. Hapo nilipandwa na hasira maana huko kwa kwanza hatukuambiwa rudini.

Haloperidol ikapunguzwa kidogokidogo, benzhexol ikaachwa, akapewa antibayotiki na dawa ya kulainisha choo. Wiki zilivyoenda kikombe kikaanza kufika mdomoni, na kofia nayo ikaanza kutafutwa tena. Daktari alisema msibishane naye mlangoni, tembeeni naye. Kwa hiyo jioni mtu anatoka na babu mpaka lami na kurudi, njiani anauliza magunia mangapi, unamtajia namba yoyote, anaridhika. Kikao cha familia kikageuka cha kugawana zamu, nani anatembea, nani analala chumbani kwake, na binamu wa benzhexol ndo akapangiwa Jumamosi zote.