Sukari Ilipomshuka Mzee Ndani ya Mikumi

Mwaka 2015 nilipanda basi la Mbeya pale Ubungo, saa 12 asubuhi. Dirishani alikaa mzee anayeshukia Makambako. Nilimwamkia, tukazungumza habari za mahindi na mvua mpaka tukapita Chalinze. Msamvu nikanunua mayai na ndizi, nikamkaribisha. Akakataa kwa upole. Hata maji hakugusa.

Tulikuwa tumeshaingia Hifadhi ya Mikumi nilipoona shati lake limelowa. Dirisha liko wazi, upepo unapiga, naye jasho linamtiririka mpaka kidevuni, mikono inatetemeka. "Baba, unaumwa?" Akanijibu maneno yasiyoeleweka, kisha akaanza kunisukuma kwa hasira. Nyuma yetu mtu akasema, "Huyo kalewa." Mama mmoja akaanza kukemea pepo. Iliniuma sana, maana tangu Dar nilikuwa naye bega kwa bega.

Nikamwita konda. Akasema hapa gari haliwezi kusimama, na ni kweli: barabara inakatiza hifadhini kilomita 50 hivi, na abiria haruhusiwi kushuka ovyo kati ya wanyama.

Aliyemwokoa ni dada wa siti za nyuma, muuguzi aliyekuwa akirudi kazini Iringa. Akamshika mkono, akauona baridi na umelowa, akaniuliza kama amekula. Nikasema hajala kitu tangu Dar. "Fungua mkoba wake." Humo tukakuta kadi ya kliniki ya kisukari na insulini iliyoviringishwa kwenye kitambaa kibichi. Alikuwa amejidunga alfajiri, akasafiri na njaa; dawa ikaendelea kushusha sukari wakati tumboni hamna kitu.

"Nani ana soda? Yenye sukari, si ile nyingine!" Mwanafunzi mmoja akatoa nusu chupa. Jirani akataka kummiminia mzee haraka haraka, dada akamzuia kwa ukali: asiyeweza kumeza hanyweshwi, soda itaingia mapafuni. Akamwinua kwanza, akamwambia ameze mate. Alipoona anameza, ndipo akamnywesha, funda moja moja. Baada ya robo saa akarudia. Kabla hatujatoka hifadhini, mzee akauliza tumefika wapi.

Mikumi mjini dereva alisimama kwenye zahanati. Kipimo kikasoma 4.3, juu kidogo tu ya ile 4 ambayo chini yake mgonjwa wa kisukari huhesabiwa kuwa sukari imemshuka. Wakampa chai na mkate.

Dada akamuuliza kwa nini hakula. "Mwanangu, ugonjwa huu unanikojoza. Nikila na kunywa, nitataka kushuka kila saa. Watu wote hawa nitawasimamishaje?"

Mpaka leo jibu lile linanichoma. Ni wazee wangapi, ni wajawazito wangapi wanaofunga safari nzima hivyo, hawamwambii mtu, kwa kuogopa uso wa konda na miguno ya abiria wenzao?

Konda alikuwa amesimama pale pale, akasikia yote. Akamhamishia mzee siti ya mbele. "Mzee wangu, ukitaka kuchimba dawa, niguse tu bega." Alimgusa Ruaha Mbuyuni, akamgusa tena tulipoipita Iringa, na mara zote mbili gari lilisimama.