Mwanga wa Kiyochika unatoka kwa mchapaji

Kobayashi Kiyochika, mchoraji wa Kijapani wa picha zinazochapwa kwa vibao vya mbao, alizaliwa Edo mwaka 1847. Alipoanza picha zake za jiji mwaka 1876, Edo ilishaitwa Tokyo, treni ilishafika Yokohama na mtaa wa Ginza jijini humo ulishawashwa taa za gesi. Hadi 1881 alitoa picha zaidi ya 90, na watu huzisifu kwa mvuke, taa na mvua za usiku. Mambo yalikuwa mapya, lakini kazi yenyewe ilikuwa ileile ya kibao, kisu na mkono.

Mchoro wa karatasi nyembamba hubandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri. Mchongaji husugua nyuzi za mgongoni kwa kidole, hupaka mafuta kidogo ili mistari ionekane, kisha hukata kingo kwa kisu na kuondoa mbao za katikati kwa patasi. Pembeni huacha alama mbili, moja ya kona na moja iliyonyooka, ambamo kila karatasi itaegeshwa. Kila rangi ina sehemu yake ya ubao, na alama hizo hurudiwa kwenye kila ubao.

Hapo ndipo Kiyochika alipowapa mafundi mtihani. Katika picha nyingi alipunguza ule mstari mweusi wa kuzunguka kila kitu. Mstari ule ulikuwa unaficha makosa: rangi ikihama nusu milimita, weusi unaifunika. Ukiuondoa, paa na anga zikikosa kukutana utaona ufa mweupe.

Adui mkubwa ni unyevu. Karatasi ya mforosadi hulowanishwa, hupangwa rundo na kuachwa usiku kucha ili maji yaenee sawasawa. Ikikauka katikati ya kazi husinyaa, na alama za kona hazisaidii tena. Rangi nayo hutoka na vidoadoa, ambavyo Wajapani huviita ufuta. Karatasi ikilowa mno, rangi huvuja. Kabla ya kulowanishwa, karatasi hupakwa gundi ya ngozi iliyochanganywa na shabu. Gundi hiyo ikiwa hafifu, rangi hutambaa kama wino kwenye pamba.

Sasa tazama anga la usiku. Mchapaji hupangusa ubao kwa kitambaa chenye maji pale rangi inapotakiwa kufia, huchovya ncha moja tu ya brashi, huongeza gundi kidogo ya mchele, kisha huipitisha kwenda na kurudi mpaka giza liyeyuke. Halafu hulaza karatasi na kuisugua mgongoni kwa kisahani cha kamba iliyosukwa, kilichofunikwa ganda la mwanzi. Giza zito halipatikani kwa mkupuo. Ukijaza rangi mara moja hutoka mabaka. Hupitishwa nyepesi, tena na tena, na kwa kila karatasi ubao hupakwa upya.

Taa je? Rangi hizi ni za maji, huwezi kuweka njano juu ya weusi. Katika picha ya mwaka 1879 ya treni ikipita Takanawa, Tokyo, madirisha yanang'aa kwa sababu giza limechongwa kuyakwepa. Fundi aliamua mahali pa mwanga kabla ya giza kuwepo.

Januari 1881 moto mkubwa uliteketeza Ryogoku, mtaa wa Tokyo. Kiyochika alitoka kwenda kuuchora, na nyumba yake mwenyewe ikaungua. Picha za moto ule zikachapwa kwa mbinu ileile ya kufifisha rangi, safari hii kwa nyekundu.