Kuruta wa Ruvu mbele ya afisa wa Houston

Fomu ya kuomba uraia wa Marekani inaitwa N-400. Nilipoijaza, mwishoni mwa 2017, ilikuwa na kurasa karibu 20, na nyingi hazina shida: jina, anwani, umefanya kazi wapi, umesafiri lini na kurudi lini. Halafu unafika kwenye maswali ya ndiyo na hapana, na ukiyasoma unaanza kujitilia shaka mwenyewe. Umewahi kushiriki mauaji ya kimbari? Umewahi kumtesa mtu? Umewahi kuwa mlevi wa kupindukia? Nilikuwa nimekaa jikoni, nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, kalamu inakwenda hapana, hapana, hapana. Nikafika kwenye swali la kama nimewahi kupata mafunzo yoyote ya kijeshi au ya silaha. Kalamu ikasimama.

Mimi ni kuruta wa Ruvu, kambi ya jeshi kule kwetu Tanzania. Nilimaliza kidato cha sita mwaka 1991, na enzi hizo ukimaliza huendi nyumbani kupumzika wala huendi chuo moja kwa moja. Unakwenda Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria, mwaka mzima, mtoto wa waziri na mtoto wa mkulima. Mpango huo ulikuja kusitishwa 1994 na kurudishwa 2013, kwa hiyo kuna kizazi kizima katikati ambacho kikisikia habari zetu kinadhani tunaongeza chumvi. Kwangu JKT ilikuwa kuamshwa na filimbi kabla jogoo hajajua kuna kucha, mchakamchaka, chenja (nyimbo za jeshini), kufyatua matofali, kulima, kulima tena, na kuruka kichurachura kwa sababu mtu mmoja hangani amechelewa kufunga buti. Bunduki? Zilikuwepo. Tulifundishwa kuifungua, kuisafisha, kuifunga, na siku chache tukapelekwa kulenga shabaha. Lakini ukiniuliza nakumbuka nini cha Ruvu, bunduki itakuja baada ya mbu.

Nikaipeleka hoja kwenye kikundi chetu cha kufa na kuzikana, hapa Houston, tulipokutana Jumamosi nyumbani kwa mwenyekiti. Nilitarajia ushauri, nikapata mkutano wa hadhara. Karibu kila mwenye umri wangu alikuwa amepita JKT, na karibu kila mmoja alikuwa ameandika hapana. "Dada, andika hapana uendelee na maisha," kaka mmoja akaniambia, huku anashushia nyama choma kwa soda. "Nani atakwenda Ruvu kuuliza?" Mwingine akasema JKT si jeshi, ni kilimo chenye gwaride. Mama mmoja mtu mzima, ambaye ni raia tangu zamani, akasema ukiandika ndiyo wataona silaha, wataona Afrika, wataona mwaka huu na rais huyu Trump, faili lako litalala kabatini mpaka uzeeke.

Sikuwalaumu. Mtu aliyeingia kwa bahati nasibu ya grini kadi, kama mimi mwaka 2008, anajua karatasi moja inaweza kumpandisha ndege na karatasi nyingine ikamshusha. Na wote tulikuwa tunasoma habari za mwaka ule, za watu waliokuwa raia kwa miaka mingi wanafunguliwa mafaili upya kwa sababu ya kitu walichoficha kwenye fomu. Hilo ndilo lililoniamulia. Kanisani kwetu palikuwa na wakili aliyekuja siku moja moja kuwasaidia watu bure, nikampelekea fomu. Akasoma, akasema: kosa si kupita JKT, kosa ni kuificha. Weka alama ya ndiyo, ambatisha ukurasa mmoja wa maelezo, na kama una cheti kilete pamoja na tafsiri iliyothibitishwa.

Nikaona nimpe yote basi. Kuna swali la kama umewahi kuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti. Nikamweleza kuwa darasa la tatu nilikuwa Chipukizi, yaani kwenye kundi la watoto la chama cha CCM, nilivaa skafu nikaimba nyimbo za ujamaa na kujitegemea mbele ya wageni, na kwamba chama hicho ndicho kilikuwa chama pekee nchini. Akaweka miwani juu ya paji la uso. Akaniuliza nilikuwa na miaka mingapi. Nikamwambia tisa, labda kumi. Akasema uanachama wa kabla ya miaka 16 sheria yenyewe haiuhesabu, na kwa vyovyote kuimba si ukomunisti. Fomu ilikuwa inauliza pia kuhusu vikundi vya ulinzi wa jadi, wanamgambo na mengine ya namna hiyo. Hapo nilishukuru kuwa wanauliza habari zako tu, maana marehemu baba alikuwa sungusungu wa kijiji kule Nzega tangu sungusungu ilipoanza, na sijui ningeanzia wapi.

Kuna watakaouliza kwa nini nilikuwa nautaka uraia wenyewe, wakati grini kadi inakuruhusu kuishi na kufanya kazi. Ni mama. Mwenye grini kadi akikaa nje zaidi ya miezi sita anaanza kuulizwa maswali mpakani, akizidisha mwaka bila kibali anaweza kuambiwa amehama. Mama alikuwa ameanza kusahau majina, nami nilitaka niweze kwenda kukaa naye muda wowote unaohitajika bila kuhesabu siku kwa hofu. Kwa hiyo niliomba kuwa Mmarekani ili nipate kukaa Nzega. Najua inavyosikika. Na sheria yetu ya uraia, ile ya 1995, haina mzaha: Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari, wa Tanzania unakoma. Jirani yangu Mkenya, aliyekuwa akijaza fomu ileile mwezi uleule, hakuwa na mawazo hayo. Katiba yao ya 2010 inamwachia uraia wake wa kuzaliwa hata akiapa mara kumi. Alikuwa ananionea huruma kwa sauti, jambo ambalo silipendi.

Nikalipa dola 725, nikaenda kuchukuliwa alama za vidole, nikasubiri. Barua ya usaili ilikuja 2018 kukiwa na joto lile la Houston linaloanza saa moja asubuhi. Nilivaa gauni la kitenge na koti juu yake, kwa sababu ndani ya ofisi zao ni baridi kama Mafinga.

Afisa alikuwa dada mdogo, kiumri angeweza kuwa mwanangu wa kwanza. Nywele kazifunga nyuma kwa nguvu, mgongo umenyooka, na alipotembea mbele yangu kwenye korido nikajua kabla sijaambiwa: huyu amepiga kwata. Mtu aliyefundishwa kwata hawezi kuificha, mikono inamsaliti. Tukaingia, nikaapishwa nimesimama kuwa nitasema kweli, tukakaa.

Maswali ya historia na serikali niliyamaliza haraka. Wakati ule walikuwa wanakuuliza mpaka kumi kati ya yale mia uliyosoma, ukipata sita wanaacha. Bahari iliyo upande wa magharibi, gavana wa jimbo, jaji mkuu ni nani. Nilikuwa nimeyakariri nikiwageuza wazee vitandani usiku, na bibi mmoja mgonjwa wangu, aliyekuwa mwalimu ujanani, alikuwa akinisahihisha kila nikikosea idadi ya marekebisho ya Katiba yao. Ni 27. Nikasoma sentensi moja, nikaandika sentensi moja. Halafu dada akafungua fomu, akaanza kupitia ukurasa kwa ukurasa akiwa na kalamu nyekundu, na alipofika kwenye ndiyo yangu akaiweka chini.

"Mafunzo ya kijeshi," akasema. "Nieleze."

Nikampa ile karatasi na cheti. Akasoma kimya. Akauliza nilijiunga kwa hiari au nililazimishwa. Nikasema ni sheria ya nchi wakati huo kwa wahitimu wote. Akauliza bunduki ya aina gani. Nikasema za Kichina, zile zenye magazini iliyopinda. Akatikisa kichwa, anazijua. Nimewahi kumfyatulia mtu? Hapana. Nilifyatulia nini? Karatasi iliyobandikwa kwenye ubao. Kikosi chetu kilikuwa kinapigana na nani?

Jibu la kweli lilikuwa magugu, lakini ofisi ile si mahali pa utani. Nikasema hatukupigana na mtu. Akaandika. Halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, bila ubaya, kama serikali yetu ilikuwa na kawaida ya kuwashikisha vijana silaha ili kuwadhibiti.

Nilisikia joto linapanda kutoka shingoni. Wakili alikuwa ameniagiza: jibu fupi, swali lililoulizwa tu. Mimi nikaanza kuhutubia. Nikamwambia kwamba jeshi hilo lilianzishwa 1963, nchi ikiwa na miaka miwili ya uhuru, ikiwa na makabila zaidi ya mia, na watu waliokuwa hawajawahi kula sahani moja. Nikamwambia kitanda changu kilikuwa kati ya msichana wa Bukoba na msichana wa Mtwara, ambao ni mbali kama Houston na Chicago, na kwamba wa Mtwara ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za buti na wa Bukoba ndiye aliyenibeba nilipoanguka na malaria njiani. Nikamwambia baba yangu, mtu wa ng'ombe, aliuliza mara moja tu kama nitarudi, na niliporudi akaniita afande mpaka alipokufa. Nikamwambia nchi yangu ina majirani ambao vijana wao walishikishwa silaha na wakazitumia, wengi tumewapokea wakimbizi wao, na sisi hatukufanya hivyo. Nikasema "nchi yangu" mara nyingi mno kwa mtu aliyekuja kuiacha. Nilijisikia nikiisema na sikuweza kuacha.

Dada yule alinisubiri nimalize. Akaniuliza kitu kimoja: "Walikuwa wanawapa adhabu gani?"

Nikamweleza kichurachura. Ningeweza kuonyesha, ila magoti. Akacheka kwa mara ya kwanza, akasema hata wao walikuwa nacho, kwa jina jingine. Kisha uso ukarudi ulivyokuwa, akachukua kalamu nyekundu, akaweka alama kando ya ndiyo yangu na kusogea kwenye maswali ya mwisho. Naunga mkono Katiba ya Marekani? Ndiyo. Naelewa kiapo chote? Ndiyo.

"Sheria ikikutaka, uko tayari kubeba silaha kwa ajili ya Marekani?"

Nilimtazama nione kama anatania. Hatanii, limeandikwa kwenye fomu, nilikuwa nimeliweka alama ya ndiyo mwenyewe bila hata kulifikiria. Dakika kumi zilizopita kujua bunduki kulikuwa doa la kufafanuliwa kwa ukurasa mzima na cheti. Sasa ilikuwa sifa. Nilikuwa na miaka 47, goti moja bovu kwa kuinua wazee, na mara ya mwisho kulenga shabaha nilikosa ubao wenyewe. Nikasema ndiyo, niko tayari.

"Nadhani wewe tayari wameshakufundisha," akasema, na akapiga muhuri.

Kiapo kilikuja wiki chache baadaye, ukumbi mkubwa, zaidi ya watu elfu moja, jaji juu jukwaani. Mlangoni unasalimisha grini kadi. Wakataja nchi moja moja watu wasimame. Mexico walisimama kama uwanja wa mpira. Nigeria, Vietnam, India. Kenya walisimama wengi na vifijo, jirani yangu akiwa katikati yao. Tanzania tulisimama wachache, nikatazamana kwa mbali na baba mmoja mwenye kofia mkononi nisiyemjua, tukainamishiana vichwa. Maneno ya kiapo yanakutaka uikane kabisa dola yoyote uliyokuwa raia wake. Niliyasema yote, kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimeapa kutosema uongo. Nje wakatugawia fomu za kujiandikisha kupiga kura.

Jioni nilimpigia msichana wa Mtwara, ambaye sasa ni mama mwenye nyumba na duka Dodoma. Nikamsimulia habari ya afisa, hasa ile ya kichurachura. Alicheka mpaka nikasikia ameweka simu chini na kuiokota tena. Akaniambia binti yake anaolewa, sendoff mwezi wa kumi na mbili, na kwamba safari hii hataki kisingizio.

Nikamwambia nitakuja, nikishapata pasi mpya na viza.

"Viza ya kwenda wapi?"

"Ya kuja Dodoma, shoga. Mimi mgeni sasa. Siku 90 nikishaingia."

Akanyamaza kidogo. Akauliza ni shilingi ngapi. Nikamwambia kwa Mmarekani ni dola 100.

"Dola 100 uje kwenu? Hizo si ungenichangia sendoff?"

Tukabishana hapo kwa muda, kama tulivyokuwa tukibishania zamu ya kuosha sufuria. Mwishowe nikalipa zote mbili.